Je, Wajua? Kifundo cha mguu kinaweza kuwa goti

Saratani ya mifupa iitwayo osteosakoma huwapata zaidi vijana wanaobalehe, na mara nyingi huota karibu na goti. Upo upasuaji unaoweza kumrudisha mgonjwa uwanjani kwa njia ya ajabu.

• Daktari huondoa goti pamoja na sehemu ya mfupa yenye uvimbe, lakini huinusuru neva kuu ya mguu. Kisha huugeuza mguu wa chini nyuzi 180 na kuuunga na paja. Kisigino hutazama mbele, vidole nyuma.

• Kifundo sasa hufanya kazi ya goti. Unyayo huvishwa mguu bandia, na mtoto huukunja na kuunyoosha kwa misuli yake mwenyewe.

• Daktari Mjerumani, Borggreve, aliufanya upasuaji huu mwaka 1927 kwa mgonjwa wa kifua kikuu cha goti. Katika miaka ya 1970 Salzer, wa Vienna, Austria, aliutumia kutibu saratani.

• Baada ya mfupa kuunga na mazoezi ya miezi mingi, wengi hukimbia, huogelea, huendesha baiskeli, hata kucheza mpira. Tofauti na wanaowekewa goti la chuma, hawana kifaa cha kulegea kwa kishindo cha michezo.

Mtoto akilalamikia maumivu ya mguu yasiyokoma, hasa usiku, au akiwa na uvimbe, usiishie kumchua kwa dawa. Mpeleke hospitali apigwe eksirei mapema.