Kulala kwenye gari Mtwara: Kwa nini mto Ruvuma ni wa kuutazama kwa mbali

Ng'oa viti vya nyuma vya Noah, tandika godoro, pakia jiko la gesi na madumu ya maji. Tayari una karavani ya Kibongo. Wanaopanga kuipeleka Mtwara huwa na ndoto moja: mchana kupita miji midogo, usiku kulala kando ya mto Ruvuma. La kwanza linawezekana kabisa. La pili linahitaji maelezo kabla hujajaza mafuta.

Ruvuma ni mto wa mpaka. Unaanzia milima ya Matogoro, Songea, na kwa sehemu kubwa ya takriban kilomita 800 hadi Bahari ya Hindi, ng'ambo yake ni Msumbiji. Huko, mkoa wa Cabo Delgado umekuwa na mapigano tangu 2017. Oktoba 2020 washambuliaji walivuka na kuvamia kijiji cha Kitaya, upande wetu, na Machi 2021 mji wa Palma nao ukashambuliwa.

Kwa hiyo gari geni lililoegeshwa mtoni saa nne usiku haliwezi kuonekana kama la mtalii. Ukitaka kuufikia mto, anzia ofisi ya mtendaji wa kijiji, jitambulishe, onyesha kitambulisho, sema unakokwenda. Akikwambia hapana, geuza gari bila ubishi. Na hata pakiwa shwari, mto una mamba na viboko. Kiboko hupanda kula majani usiku, muda uleule ambao wewe umelala.

Basi unalala wapi?

Rahisi zaidi ni Mikindani, kama kilomita 10 kutoka Mtwara mjini. Ni mji mkongwe wa Waswahili. David Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, na boma la Wajerumani la 1895 baadaye liligeuzwa hoteli. Omba kuegesha ndani ya uzio wa nyumba ya wageni. Ukilipia bafu tu, wengine hukubali. Jioni tafuta ming'oko ya kuchemsha na pilipili yake. Ukiondoka kusini bila kuionja, safari haijakamilika.

Anayetaka bahari aende Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye kilomita za mraba 650 hivi. Njiani unapita Madimba, kwenye kiwanda cha kuchakata gesi inayosafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Hifadhini kuna kiingilio, na usiweke hema kabla ya kuwauliza wahifadhi ni wapi panaruhusiwa. Tatizo la Msimbati ni mchanga. Gari dogo linazama hadi kwenye ekseli, na maji yakijaa yanalifuata lilipo. Punguza upepo kwenye matairi, beba koleo na vipande vya mbao, na usiegeshe chini ya mstari wa mwani uliokauka. Huo ndio unaoonyesha bahari inafika wapi.

Mto wenyewe utauona vizuri ukipanda Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Pale panapoitwa Shimo la Mungu ardhi inakatika ghafla, na bonde la Ruvuma linatandaa chini hadi Msumbiji. Hakuna kambi ya mtoni itakayokupa picha hiyo, hiyo ni imani yangu. Ila jaza maji Mtwara kabisa, maana shida ya maji juu ya uwanda ni ya miaka mingi.

Barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Nanyamba, Tandahimba na Newala ni kilomita 210. Hadi Mnivata, kilomita 50, ni lami. Mbele ya hapo ujenzi umekuwa ukiendelea kwa awamu, hivyo waulize madereva wa mabasi stendi hali ikoje wiki hiyo. Msimu wa korosho, hasa Oktoba hadi Desemba, utagombania njia na malori.

Anayetoka Dar es Salaam aepuke Machi hadi Mei. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi eneo la Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili.