Usinunue Hisa kwa Kufuata Foleni

Je, unazikumbuka foleni za Aprili 2008? Mjini Nairobi na katika miji mingine ya Kenya, watu walisimama nje ya benki na ofisi za mawakala wa hisa, fomu za Safaricom mkononi. Serikali ilikuwa ikiuza hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, na maombi yakazidi hisa hizo mara kadhaa.

Nyumbani kwetu fomu ililetwa na mume wangu. Tayari alikuwa amekopa shilingi 50,000 kazini. Nilipomwuliza tutalipaje mkopo pamoja na karo ya mtoto wa kidato cha kwanza, alinijibu, "Mama Neema, baada ya mwezi mmoja bei itakuwa imepanda mara tatu. Tutauza." Nikanyamaza. Hata nje ya kanisa, baada ya ibada, akina mama wenzangu walikuwa wakisema vivyo hivyo.

Tumaini hilo lilikuwa na chanzo. Mwaka 2006 hisa za KenGen ziliuzwa kwa shilingi 11.90, na zilipofika sokoni bei ikapita maradufu kwa muda mfupi. Waliouza mapema walipata fedha, na majirani wakaona. Homa ya soko huanza hivyo, kwa jambo la kweli. Wa kwanza hununua kwa kuwa ameichunguza kampuni. Wa mwisho hununua kwa kuwa jirani yake amepata.

Anayenunua ng'ombe huuliza anatoa maziwa kiasi gani. Hisa nayo ina maziwa yake, yaani faida ya kampuni ikigawanywa kwa hisa zote. Katika mwaka uliokwisha Machi 2007, Safaricom ilipata faida ya takriban shilingi bilioni 12 baada ya kodi. Hisa zake zote zilikuwa bilioni 40. Gawanya: ni kama senti 30 kwa kila hisa. Kwa shilingi 5, ulinunua faida ya miaka 16 hivi. Kwa kampuni inayokua, huo haukuwa wazimu. Lakini bei ingepanda mara tatu, mnunuzi angelipa faida ya miaka 50! Nani angetununulia? Hesabu hiyo ya dakika mbili hatukuifanya.

Hisa zilianza kuuzwa sokoni tarehe 9 Juni 2008. Bei ilipita shilingi 7, kisha ikateremka, na mapema mwaka 2009 ilikuwa karibu shilingi 3. Kampuni yenyewe haikufa. Msukosuko wa fedha duniani uliwafanya wawekezaji wa kigeni waondoe fedha zao, na wengi waliokopa hawakuweza kungoja. Sisi tuliomba hisa 10,000, tukapata 2,000. Salio lilirudishwa, lakini kwa muda wote huo riba ilihesabiwa juu ya shilingi zote 50,000.

Kwa hiyo, dada, sikiliza mazungumzo. Je, watu wanataja bei ya kesho tu, wala hakuna anayetaja faida ya kampuni? Je, wanakopa ili wanunue? Je, anayeuliza swali anaitwa mwoga? Basi soko limepanda kupita kiasi, ingawa hakuna ajuaye litashuka siku gani. Mwaka 2009 pale nje ya kanisa hakuna aliyetaka hata kusikia neno hisa, na ndipo ng'ombe yule yule alipokuwa rahisi. Baadaye mambo yakageuka tena: mwaka 2021 hisa hiyo ilipita shilingi 40, na mwaka 2023 ikashuka chini ya 15. Ndiyo maana fedha ya karo ya mwaka huu au ujao haifai kuingia huko kabisa. Bei huenda ikarudi, lakini mwalimu mkuu hangoji.

Mume wangu alikataa kuuza kwa shilingi 3. Mkopo ulilipwa kwa kukatwa mshahara, na karo ya muhula wa pili niliikopa kwa dada yangu. Hisa zile 2,000 bado tunazo. Kwa mwaka uliokwisha Machi 2024, gawio lilikuwa shilingi 1.20 kwa kila hisa, yaani shilingi 2,400 kabla ya kodi. Dada yangu nilimaliza kumlipa mwaka 2010.