Mafumbo ya Jikoni: Hijai na Hesabu kwa Watoto Wetu

Mara hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidharau kwa kulidhani kuwa ni mchezo mtupu. Jambo lenyewe ni mafumbo ya watoto, khasa yale yatokanayo na vyakula vyetu vya kila siku, ambayo ndani yake hufichwa hijai na hesabu.

Sisi tufundishao katika vyuo vya Kurani hapa Mafia twaona kila mwaka watoto wa namna moja. Mtoto anazo akili, tena anao moyo wa kusoma, lakini akisimamishwa mbele ya ubao na kuulizwa saba mara nne ulimi wake hufungika. Mtoto huyo huyo, mama yake akimtuma dukani Kilindoni, hajui kama chenji aliyorudishiwa ni kamili au imepungua. Twamkuta binti mdogo amebeba sinia ya vitumbua kichwani, naye hutegemea uaminifu wa mnunuzi badala ya hesabu yake mwenyewe. Si ujinga uliomshinda huyu. Kilichomshinda ni woga, na woga haufukuzwi kwa fimbo, bali huzidi.

Wako wazazi wasemao: "Mwalimu, sisi twamleta mtoto asome msahafu, wala hatukumleta acheze kwa boga na vitumbua." Kauli hii yatoka katika mapenzi ya dini, nasi twaiheshimu. Lakini na tutazame mwendo wa Mtume wetu, s.a.w., kisha tuhukumu.

Imepokewa katika Sahihi ya Imamu Bukhari, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 256 wa Hijra (870), kwamba Mtume alikuwa amekaa na masahaba zake, akawauliza fumbo: uko mti mmoja usiopukutisha majani, nao mfano wake ni kama Mwislamu, ni mti gani? Watu wakaanza kutaja miti ya porini. Abdallah bin Umar, aliyekuwa mdogo kuliko wote hapo, alilitambua jibu moyoni mwake, lakini alipowaona Abubakar na Umar wamenyamaza, aliona haya kusema. Mtume akawaambia kuwa ni mtende. Baadaye kijana alimweleza baba yake, na Sayyidna Umar akamwambia kwamba lau angalisema, jambo hilo lingalimfurahisha kuliko mali nyingi.

Tena katika baadhi ya riwaya imeelezwa kuwa wakati ule Mtume alikuwa ameletewa shaha la mtende, yaani ule moyo wake mweupe uliwao, mfano wa shaha la mnazi tulijualo sote hapa kisiwani. Basi tazameni: fumbo limetoka katika chakula kilichokuwa mbele ya watu. Na Imamu Bukhari aliliweka katika mlango wa elimu, hakuliweka katika mlango wa upuuzi. Na zaidi ya hayo twajifunza kwamba mtoto aweza kujua jibu na akanyamaza kwa haya. Ni wangapi katika watoto wetu wanaonyamaza hivyo kila siku, nasi twawaita wajinga?

Kwa hiyo, tangu tulipoyatia mafumbo katika saa ya mwisho ya masomo yetu, baada ya haki ya msahafu kwisha kutimizwa, tumeona ndimi zikifunguka. Hapa chini twaleta baadhi ya hayo tuliyowatungia watoto, ili kila nyumba ipate kuyatumia wakati chungu kikiwa mekoni.

La kwanza ni la kugawa:

Vitumbua siniani,
Ishirini hesabuni,
Watoto watano ndani,
Kila mtu ni vingapi?

Mara hodi mlangoni,
Watano wa ugenini,
Karibuni, karibuni!
Sasa sema ni vingapi?

Ubeti wa kwanza jibu lake ni vinne. Ubeti wa pili, walaji wamekuwa kumi, basi kila mmoja hupata viwili. Hapo mtoto mmoja alituuliza: "Maalim, mbona tumepunguziwa?" Nasi tukamwambia ahesabu tena, mara hii ahesabu waliokula. Kwanza walikula watano, sasa wamekula kumi, na vitumbua ni vile vile. Mtume, s.a.w., ametufunza kuwa chakula cha mtu mmoja huwatosha wawili, na cha wawili huwatosha wanne. Hivyo kugawa kwa mbili kukawa ni somo la hesabu na somo la ukarimu kwa pamoja.

La pili ni la hijai. Watoto wetu, kwa kuzoea herufi za chuoni, herufi *w* huiita wau:

Mimi ni tunda la chini,
Natambaa mashambani,
Nina mbegu matumboni,
Herufi zangu ni nne.

Ukitoa ya mwanzoni,
Nakutuma kisimani,
Wau ikija mbeleni,
Shujaa asinione.

Jibu ni *boga*. Ukiondoa herufi ya kwanza, lasalia *oga*, nalo ni amri ya kwenda kujitia maji. Ukiweka wau mahali pa *b*, umepata *woga*, nao ndio ule tuliousema mwanzo kuwa huwafunga watoto ndimi. Mtoto akishakuona kuwa herufi moja yatosha kugeuza chakula kuwa hofu, hataandika tena kwa kubahatisha, bali ataitazama kila herufi kwa jicho la haki.

Katika mlango huu umo pia mchezo wa zamani wa watu wa pwani, uitwao kinyume, ambao silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa mbele. Chukua *wali*, useme kinyume: wapata *liwa*. Na wali kazi yake ni nini ila kuliwa? Tena liwa ni ule mti wa manukato ambao wanawake husaga na kujipaka. Kisha mwulize mtoto: ni kitoweo gani ambacho hata ukikisema kinyume hakigeuki? Atatafuta jikoni mwote mpaka apate *kuku*, na akitupa macho baharini atapata *papa*.

La tatu ni la vipimo, nalo lafaa sana mwishoni mwa Ramadhani:

Leo mfunguo mosi,
Baba, mama, na Khamisi,
Dada watatu, Idrisi,
Vibaba vingapi? Toa!

Hapa mtoto hana budi kujua kwanza kuwa pishi moja ni vibaba vinne, na kuwa Zaka ya Fitri ni pishi moja kwa kila mtu, ambayo kwa mizani za siku hizi wengi huikadiria kilo 2.5. Watu wa nyumba hii ni saba. Saba mara nne ni vibaba 28, nazo ni pishi saba. Mkubwa wao huongezwa swali: ikiwa mama amejifungua usiku wa Idi, baada ya jua kuchwa, je, kichanga naye atolewe? Kwa madhehebu yetu ya Shafi, fitri huwajibika kwa kuchwa jua la siku ya mwisho ya Ramadhani. Basi aliyezaliwa baada ya hapo halazimiki kutolewa, na hesabu yabaki 28. Angalizaliwa kabla ya magharibi, ingalikuwa vibaba 32. Tazama jinsi dakika chache zinavyobadili hesabu, na jinsi fikihi na hesabu zisivyoachana.

La nne ni la hesabu ya abjadi, ambayo wazee wetu waliijua kwa moyo. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, na kuendelea hivyo kwa mpango wake mpaka ghaini, ambayo ni 1,000. Ile 786 ambayo watu wengine huiandika juu ya barua ni jumla ya herufi za Bismillahi yote. Basi twawauliza:

Jua linapozamia,
Mimi hukutangulia,
Saumu kufungulia,
Hesabu yangu ni ngapi?

Mtoto atatambua kuwa ni tende, ambayo kwa Kiarabu ni *tamr*. Ataiendeleza: te, mimu, re. Te ni 400, mimu ni 40, re ni 200. Jumla ni 640. Akitaka zaidi, na aendeleze *laban*, yaani maziwa: lamu 30, be 2, nuni 50; jumla 82. Lakini twatoa hadhari hapa. Abjadi ni chombo cha kuhesabia na cha kukumbukia tarehe. Atakayeichukua kwenda kubashiria riziki za watu au kuwatisha wagonjwa, huyo ametoka katika elimu, nasi hatumo pamoja naye.

La tano ndilo zito kuliko yote, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Mafia ni kisiwa cha minazi. Mnazi ndio tui la mchuzi, ndio mafuta, ndio makuti ya paa, na kwa wengi ndio urithi pekee aachao mzee. Basi sikilizeni:

Minazi yake shambani,
Minne na ishirini,
Kaiacha duniani,
Warithi wake watatu.

Mke, fungu la thumuni,
Kaka na dada mizani
Wapime kwa Kuruani,
Sema hisa za watatu.

Mzee amefariki, madeni yamelipwa na wasia umetekelezwa, imebaki minazi 24. Warithi ni mke, mwana mmoja wa kiume na binti mmoja. Mke, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, hupata thumuni: 24 kwa nane ni minazi mitatu. Imebaki 21. Mwana wa kiume hupata mafungu mawili na binti fungu moja, yaani mafungu matatu. 21 kwa tatu ni saba. Kwa hiyo binti ana minazi saba na kaka yake kumi na minne. Jumlisha: tatu, na saba, na kumi na nne, yarudi 24 kamili.

Ndugu zetu, ni mara ngapi tumesikia binti ameambiwa na jamaa zake, "Wewe wako ni mnazi mmoja ule wa uani, nazi zako tutakuletea," naye akashukuru? Hakuibiwa usiku. Ameibiwa mchana kweupe, mbele ya macho yake, kwa sababu hakujua kugawa 21 kwa tatu. Mwenyezi Mungu amezitaja hisa hizi waziwazi katika Sura ya Nisaa, na hakuziweka zisomwe kwa sauti nzuri tu. Ameziweka zitekelezwe. Na atazitekeleza nani asiyejua hesabu?

Wanazuoni wa kale waliliona hili. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyekuwa Baghdad, aliandika kitabu chake cha al-jabr yapata mwaka 820, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Elimu ya aljebra isomeshwayo leo katika skuli za dunia nzima imechukua jina lake katika kitabu hicho. Kwa hiyo mzazi asemaye kuwa hesabu ni elimu ya skuli na si ya dini, ametupa mkononi mwa wengine kile kilichokuwa chake.

Sasa twawageukia akina mama, kwani jikoni ndiko chuo cha kwanza. Hamhitaji kitabu wala ubao. Unapochambua mchele, mwulize mtoto kibaba hiki chatosha watu wangapi. Unapokuna nazi tatu kwa chungu kimoja, mwulize vyungu vinne vitataka nazi ngapi. Akikosa, usimcheke mbele ya wenziwe. Mpe nafasi ahesabu kwa kokoto au kwa punje za mahindi. Akipata, mwambie kama Sayyidna Umar alivyomwambia mwanawe, kuwa jibu lake limekufurahisha. Na binti apewe fumbo sawa na ndugu yake wa kiume, maana siku ya kugawa minazi wote wawili watakuwapo.

Nanyi vijana, twawaachia kazi ya nyumbani. Al-Khalil bin Ahmad, mwanazuoni wa karne ya 8 ambaye asili yake ni Oman na maisha yake yalikuwa Basra, alipotaka kukusanya maneno yote ya Kiarabu katika kamusi yake, alihesabu herufi zaweza kupangwa kwa njia ngapi. Herufi mbili hupangika kwa njia mbili, tatu kwa njia sita, nne kwa njia 24, na tano kwa njia 120. Basi wekeni sinia ya futari yenye vitu vitano: tende, uji, kashata, muhogo na samaki. Kila siku mvile vyote vitano, lakini kila siku kwa taratibu mpya isiyopata kutumika. Ikiwa kila Ramadhani ni siku thelathini, taratibu zote zitakwisha baada ya Ramadhani ngapi?

Hili hatulitolei jibu. Lihesabuni nyumbani, mdogo wa nyumba aanze kusema, na wakubwa wanyamaze kidogo wamsikilize. Wabillahi tawfiq.