Gitaa la Mji Kasoro Bahari

Anayemsikiliza Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Morogoro, Tanzania, kwa kufuata maneno tu anampata nusu. Nusu nyingine imo kwenye nyuzi. Waimbaji wakinyamaza, solo yake huingia taratibu, hurudia kifungu kimoja mara tatu, mara nne, kila mara ikikigeuza kidogo, mpaka msikilizaji anajikuta anakiimba mwenyewe.

Alizaliwa 1944, akajiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akaenda na bendi hiyo hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Ajali ya gari ilimuua Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Kabla yake Morogoro, huo mji kasoro bahari, ulikuwa na mwanamuziki Salum Abdallah, aliyetekwa na santuri za Kuba hata bendi yake akaiita Cuban Marimba.

Sasa mfikirie mpiga gitaa la klasiki, lile la nyuzi za nailoni lisilotaka umeme. Akirekodi, atapiga Bach, atapiga Tárrega, na mara nyingi atapiga Leo Brouwer, mzaliwa wa Havana. Kama Kuba ilikwisha kufika Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kwa santuri, kwa nini jirani wa Brouwer katika rekodi hiyo asiwe Mbaraka?

Kazi si ndogo. Kwenye bendi, solo, ridhimu na besi kila moja ina mwenyewe. Hapa, kwenye gitaa moja, kidole gumba kitashika besi, cha shahada na cha kati vitagawana ridhimu, cha pete kibebe solo. Ukitaka kupiga kila noti, wimbo unakosa hewa na hauchezeki. Ukipunguza mno, bendi inapotea. Mimi ningeitoa kafara ridhimu: idokezwe tu, besi iguse mapigo makuu, solo iachwe ipumue. Ni uamuzi wa fundi wa muziki, na unahitaji mtu aliyemsikiliza Mbaraka miaka, siyo wiki.

Chombo nacho kina habari yake. Mafundi wa Ulaya na Marekani wanaounda magitaa kwa mkono walipenda sana mbao ya Brazili ya jamii ya Dalbergia kwa mgongo na mbavu, mpaka 1992 biashara yake ya kimataifa ilipopigwa marufuku. Baadhi yao wakamgeukia ndugu yake, mpingo. Huu hauoti kwenye misitu ya ukungu ya Kimhandu, kilele cha Uluguru. Ni mti wa miombo, kule chini kunakowaka jua. Hukua taratibu mno, na kwa kawaida hupita miaka 70 kabla haujafaa kuvunwa. Mbao yake huzama majini. Hutia butu misumeno, hupasuka ikikaushwa kwa pupa, lakini ubao uliokauka vizuri, ukiugonga kwa kidole, hulia kama kengele.

Mpingo peke yake hautoshi. Antonio de Torres, fundi wa Hispania, aliunda mwaka 1862 gitaa lenye mgongo wa karatasi nzito ili kuonyesha kwamba sauti hutoka hasa kwenye uso, na uso hutaka mbao nyepesi. Namwamini. Hata hivyo mgongo ndio unaokaa kifuani mwa mpigaji, na ningependa kifua hicho kiegemee mti wa nchi hii siku atakapoanza "Shida", wimbo wa Mbaraka, pasipo mwimbaji, gumba likitangulia kwenye uzi mnene.