Kikulacho ki nguoni: virusi ndani ya bakteria wa jibini

Maziwa yanapokataa kuganda kiwandani, lawama hazichelewi kumfikia mfanyakazi wa zamu. Mara nyingi, hata hivyo, mkosaji ni virusi visivyomdhuru binadamu, bali huwaua bakteria wanaoyageuza maziwa kuwa jibini. Watafiti Whitehead na Cox wa New Zealand walibaini chanzo hicho mwaka 1935.

Baadhi ya virusi hivyo huingia na maziwa mabichi. Vingine, na hivi ndivyo vinavyotia wasiwasi zaidi, vimo ndani ya bakteria wenyewe: vimejipachika katika DNA yao na kurithishwa kizazi hadi kizazi bila kufanya fujo, hadi siku vitakapozinduka.

Mwaka 2001 wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Ufaransa, INRA, walichapisha jenomu nzima ya bakteria Lactococcus lactis wa uzao uitwao IL1403. Katika herufi zake takriban milioni 2.4 walikuta virusi sita vilivyolala. Vitatu vina urefu wa virusi kamili. Vitatu vilivyobaki ni vifupi mno.

Uzao mwingine, MG1363, ulitengenezwa maabara na kutangazwa mwaka 1983 kuwa umesafishwa virusi. Jenomu yake iliposomwa mwaka 2007, ilionekana bado ina viwili vya urefu kamili pamoja na vipande vya vingine vinne. Usafi huo, kwa kweli, ulikuwa wa jina tu.

Ulinganisho huo una maana kubwa kwa viwanda. Virusi vya kuua vya makundi ya 936 na c2 havina undugu wa karibu na hivi vilivyolala. Kundi la P335, kinyume chake, lina vya aina zote mbili, na hapo ndipo hatari ilipo.

Labrie na Moineau wa Quebec, Canada, walionyesha mwaka 2007 kwamba kirusi ul36 cha kundi hilo, kikikabiliwa na bakteria wenye kinga, huweza kunyakua vipande vya DNA kutoka kwa virusi vilivyolala ndani ya bakteria hao. Huzaliwa kirusi kipya kinachoipenya kinga ile ile.

Dawa si kuwang'oa wapangaji wote. Kirusi kilicholala humkinga mwenyeji wake dhidi ya ndugu zake wa karibu wanaotoka nje, hivyo bakteria aliyesafishwa huweza kubaki bila ngao hiyo.