Alama za Rangi Chini ya Motokaa za Zamani

Wasomaji wengi wa gazeti letu wapenda habari za motokaa, na hasa wale waliokwisha toka shuleni ambao sasa wana zao wenyewe. Lakini ni wachache wanaoinama kutazama upande wa chini. Chini ya motokaa zilizotengenezwa Marekani miaka ya 1960 huonekana mambo ya ajabu: doa la rangi juu ya nati, mistari miwili juu ya springi, pete ya rangi kuzunguka propela shafti, na herufi zilizoandikwa haraka kwa chaki ya nta. Asiyejua atadhani ni uchafu tu. Napenda kueleza alama hizo zilitoka wapi, na kwa nini mafundi wanaofufua motokaa kuukuu wanazitafuta kama mtu atafutaye shilingi iliyopotea.

Kwanza yatupasa kujua jinsi kiwanda kilivyofanya kazi. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, Michigan, Henry Ford alianza kuunganisha motokaa za Model T kwa mstari unaokwenda. Gari lilivutwa polepole, nao wafanyakazi walikaa mahali pao, kila mmoja na kazi yake moja. Muda wa kuunganisha chesisi moja ulishuka kutoka saa 12 na nusu hivi hadi dakika 93. Siku hizo motokaa za Ford zilikuwa karibu sawasawa zote. Kufika miaka ya 1960 mambo yalikuwa mengine. Ford Mustang ilianza kuuzwa tarehe 17 Aprili 1964, na katika miezi 12 ya kwanza zaidi ya 400,000 zilinunuliwa. Mnunuzi aliweza kuchagua injini ya silinda 6 au ya silinda 8, na gia za kubadili kwa mkono au zinazojibadili zenyewe. Basi mstarini gari moja lilikuwa zito upande wa mbele, na lililofuata nyuma yake lilikuwa jepesi.

Hapo ndipo rangi ilipohitajiwa. Injini nzito yataka springi ngumu. Lakini springi mbili zikilazwa ubavu kwa ubavu, jicho haliwezi kutambua ipi ngumu na ipi laini. Propela shafti nazo huhitilafiana urefu kwa kadiri ya gia boksi, pengine kwa kiasi kidogo tu. Mfanyakazi hakuwa na nafasi ya kupima, wala kufuta grisi asome namba ndogo. Kwa hiyo kila namna ilipakwa mistari ya rangi yake, naye alichukua ile inayopatana na gari lililo mbele yake.

Alama za pili zilikuwa za wakaguzi. Nati ikiisha kukazwa kwa kadiri iliyoamriwa, mtu alitia doa la rangi juu yake, maana yake, “Hii imekwisha tazamwa.” Desturi hiyo haijafa. Hata fundi wa malori mjini kwetu hutia doa la rangi juu ya nati aliyoikaza, ili ikilegea aone kwamba alama imekatika.

Alama hizi hazikutiwa ili kupendeza macho. Nyingine zilichuruzika, nyingine zilikwenda upande. Aliyezipaka hakufikiri kwamba baada ya miaka 60 mtu atalala chali akizitazama kwa kurunzi.

Lakini ndivyo ilivyo leo. Wako watu wanaotaka gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani, bila kupunguza wala kuongeza. Chama cha National Corvette Restorers Society, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1974, kina waamuzi wanaokagua Chevrolet Corvette kwa kipimo hicho. Ndiyo maana fundi mwenye busara haanzi kazi kwa mashine ya kupuliza mchanga, kwa sababu mchanga huondoa kutu na ushahidi pamoja. Hupiga picha kwanza. Kisha hukwangua grisi kwa kijiti na kuosha taratibu, kwani mara nyingi ile grisi chafu ndiyo iliyoihifadhi rangi. Akiona mstari, hupima upana wake na mahali ulipo, na kuandika yote daftarini. Pia hulinganisha na magari mengine yasiyoguswa ya kiwanda kile kile na ya mwezi ule ule, kwa maana Mustang za kwanza zilitengenezwa Dearborn, San Jose na Metuchen, na kila mahali palikuwa na mikono yake.

Sasa nafika penye ubishi. Baadhi ya watu, wasipoona alama yo yote, huiga zile za gari jingine na kuzipaka kwa ustadi mkubwa. Gari lao hung'aa na kupendeza, lakini linasema lisiyoyajua. Mbaya zaidi ni yule anayeuza gari lililozaliwa na injini ya silinda 6 kana kwamba lilikuwa la silinda 8, akaongeza mistari ya springi ili kumsadikisha mnunuzi. Njia ya mwongo ni fupi. Katika namba ya Mustang ya mwaka 1965, alama ya pili yaonyesha kiwanda: F ni Dearborn, R ni San Jose, T ni Metuchen. Ya tano yaonyesha injini: T ni ya silinda 6, na K ni ile ya silinda 8 yenye nguvu nyingi. Springi zaweza kubadilishwa, na rangi yaweza kupakwa jana; kwa hiyo mnunuzi asiamini doa moja peke yake. Namba, sehemu na alama zote sharti zikubaliane.

Kwa maoni yangu, fundi asiyeona alama na aache mahali pale patupu, aandike daftarini kwamba hakuona kitu. Gari lisilo na mstari halimdanganyi mtu. Wale wafanyakazi wa mstarini hawakuandika majina yao juu ya magari waliyoyaunganisha. Walichotuachia ni kipande hicho cha rangi, na anayebuni kingine badala yake anafuta kazi ya mkono wao.