Kompyuta Izimikayo Mara kwa Mara

Wenzangu, kompyuta ya mezani ikiandika barua vizuri, lakini ikaganda au kuzima mara ufunguapo mchezo, watu husema, "Kadi ya picha imekufa." Basi mwenyewe hutoka Tororo mpaka Busia, huvuka mpaka, na kutafuta nyingine kwa fedha ambazo zingelipa karo. Afadhali angoje kidogo.

Kadi hiyo ndiyo ichorayo yote tuyaonayo kwenye skrini. Kazi ikiwa nzito, hupata moto na hula umeme mwingi. Tundu ilimochomekwa huipa wati 75 tu. Kadi kubwa hutaka na waya wake kutoka pawasaplai, na waya wa pini 8 huongeza wati 150. Pawasaplai ikichoka, kadi hulaumiwa bure.

Kwanza weka upya programu ya kuiendesha kadi. Haikusaidia? Zima, chomoa waya ukutani, fungua. Kwetu malori hayapumziki, na vumbi lake huziba feni. Lipulize, ukiishika feni isizunguke, kisha chomeka kadi imara.

Ikiwa kompyuta yaweza kuchora picha bila kadi (si zote), itoe kabisa, uunge skrini nyuma kwenye ubao mkuu, ufanye kazi nzito kutwa. Ikizima tena, kosa li kwingine. Isipozima, kadi au pawasaplai ndiyo mbovu. Ijaribu kadi katika kompyuta ya rafiki yenye pawasaplai nzima. Ikiiangusha na hiyo, ndipo uvuke mpaka.